Modeli ya maji na geji hazikubaliani: tafuta kosa kabla hujagusa C

Ukishajenga modeli ya mtandao wa maji wa mji, iwe kwa EPANET ya bure au kwa programu za kulipia, kuna siku lazima uifikie: mabomba yote yameingia, matenki na pampu vipo, mahitaji ya maji umeshagawa kwenye nodi (pointi ambapo mabomba yanakutana), unakokotoa, halafu presha zinazotoka hazifanani kabisa na za geji ulizofunga mtaani. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mtu anafungua jedwali la mabomba anaanza kushusha C ya Hazen-Williams (namba ya ulaini wa bomba kwa ndani, ikishuka msuguano unaongezeka), hili 110, lile 75, lile 52, mpaka mstari wa modeli ulalie vitone vya geji, grafu inapendeza, ripoti inasainiwa. Baadaye modeli hiyohiyo ndiyo inayoamua bomba jipya lipite wapi na pampu gani inunuliwe, hela ya umma inafukiwa ardhini pasipo na shida, na mtaa wenye shida unaendelea kununua maji ya dumu.

C ni kitu cha mwisho kugusa. Tofauti kati ya modeli na geji huwa ina umbo lake, inatokea sehemu fulani na saa fulani, na ukilisoma umbo hilo linakupeleka kwenye chanzo, ambacho mara nyingi ni kitu cha kushikika: valvu, tarakimu moja kwenye ramani, geji mbovu, watu wanaochukua maji ambayo hayapo kwenye bili. Mifano nachukulia zaidi Dar es Salaam, kwa sababu ina karibu kila kitu kinachosumbua modeli: maji yanasukumwa kutoka mbali, Ruvu Chini kuja matenki ya Chuo Kikuu na Ruvu Juu kupitia Kibamba kuja Kimara, mji una miinuko na mabonde, kuna mabomba ya zamani na ya juzi yameunganishwa pamoja, na nyumba nyingi zina simtank kwa ajili ya mgao.

Kwanza kabisa, saa mbili za kulinganisha

Kabla hujaingia kwenye dalili yoyote, chukua saa mbili tu kutoka kwenye rekodi zako. Moja ni ile maji yanayopita kwenye mita kubwa ya zoni yako chini kabisa, nyingine ni ile yako juu kabisa. Usichague kwa mazoea kwamba usiku wa manane ndio utulivu, kwenye mji wenye mgao usiku ndio watu wanajaza matenki yao, kwa hiyo iangalie mita yenyewe ikuambie. Halafu kwa kila geji toa presha ya modeli kwenye presha iliyopimwa, kwa saa zote mbili, andika namba hizo juu ya ramani.

Tofauti ikiwa ileile saa zote mbili, shida haitokani na msuguano wa maji kwenye bomba, kwa sababu msuguano unabadilika maji yakiongezeka. Hiyo ni mwinuko, usawa wa maji kwenye tenki au geji yenyewe. Tofauti ikiwa ndogo saa ya utulivu halafu ikakua saa ya kilele, hapo sasa unatafuta kitu kinachokula presha maji yakipita: valvu, kipenyo, mahitaji, na mwisho kabisa C. Kigawanyo hiki kimoja kinakuokolea kazi kubwa sana na bado ripoti nyingi hazinacho.

Modeli inagoma hata kukokotoa

Hili ni jepesi kuliko linavyotisha. Ukipata eraa 224 maana yake hakuna chanzo cha maji wala tenki hata kimoja kwenye modeli, 233 kuna nodi inaelea haijaunganishwa na bomba lolote. Karibu mara zote sababu ni shepufaili ya GIS (faili la ramani ya kompyuta): aliyechora mabomba aliyachora yaonekane vizuri kwa macho, mwisho wa bomba moja na mwanzo wa lingine vimepishana nusu mita, kwenye skrini yanagusana lakini kwa programu ni vitu viwili tofauti. Unatumia zana ya kunasisha ncha, ila weka umbali mdogo na usiende haraka. Sehemu kama pembezoni mwa Barabara ya Morogoro, bomba kubwa la kusafirishia na mabomba ya kusambaza vinakwenda sambamba karibu karibu, ukinasisha kwa mita 5 utayaunganisha mabomba ambayo ardhini hayajawahi kukutana, na hapo modeli haitagoma tena, itakubali vizuri kabisa ikupe presha za ajabu. Hilo ni baya kuliko eraa. Na kinyume chake pia kipo, mabomba mawili yanakatizana kwenye ramani bila nodi na wewe huwezi kujua kama yameunganishwa au moja linapita juu ya lingine. Jibu halipo ofisini, lipo kwa fundi wa eneo hilo, yule mzee aliyekuwepo bomba likilazwa, muulize kwa heshima na umsikilize mpaka mwisho maana anajua vitu ambavyo havijaandikwa popote.

Programu ikisema haijapata uwiano baada ya majaribio yote, usikimbilie kuongeza idadi ya majaribio. Angalia valvu mbili za kupunguza presha zinazotazamana, pampu yenye amri mbili zinazogombana (moja inawasha tenki likishuka, nyingine inazima kwa saa), au kipande cha bomba kifupi kupita kiasi chenye kipenyo kikubwa.

Na yunizi. EPANET ukiifungua bila kubadilisha chochote inaanza na galoni za Kimarekani kwa dakika, na yunizi za mtiririko ndizo zinazoamua yunizi nyingine zote, ukiacha hivyo ule urefu wako wa mita unasomwa kama futi na kipenyo cha milimita kinasomwa kama inchi. Ukiwa na bomba lenye kipenyo cha inchi 150 presha haipotei popote, kila nodi inalingana na tenki. Ukiona modeli ambayo maji hayapotezi presha hata kidogo, anzia hapo. Kosa lingine la jamii hiyo ni kuingiza mita za ujazo kwa siku sehemu ya lita kwa sekunde, kumbuka lita 1 kwa sekunde ni mita za ujazo 86.4 kwa siku.

Presha hasi, mtaa mzima mwekundu

Modeli ya kawaida inafanya kazi kwa dhana kwamba mteja anapata maji yake yote hata iweje. Ukisema nodi inahitaji lita 3 kwa sekunde, itapewa lita 3, na kama presha haitoshi programu itakuandikia presha ya hasi 18, kwa mita za maji, bila wasiwasi. Kwenye bomba halisi hiyo haiwezekani, presha ya maji haiwezi kushuka chini ya takriban mita 10 za hasi, na muda mrefu kabla ya hapo bomba la mteja linakuwa linavuta hewa tu. Kwa hiyo namba hiyo usiisome kama presha, isome kama sentensi: hapa maji uliyoyadai hayafiki.

Sasa, hayafiki kweli au umekosea data? Nenda mtaani. Kama wakazi wanakuambia maji wanapata vizuri, rudi utafute kosa: mwinuko wa nodi, bomba lililoandikwa dogo, valvu uliyoifunga kwenye modeli na kwenye chemba iko wazi, mahitaji yaliyorundikwa kwenye nodi moja kwa sababu wateja wote ambao ramani haionyeshi walipo waliangukia pale. Kama wakazi wanakuambia maji yanakuja usiku tu na yanatoka kama uzi, basi modeli inasema kweli kwa lugha mbaya. Kuanzia toleo la 2.2 la mwaka 2020, EPANET ina uchaguzi wa kukokotoa mahitaji kwa kufuata presha iliyopo, unaweka presha ya chini ambayo maji hayatoki kabisa na presha ambayo mteja anapata mahitaji yote, katikati yake maji yanapungua kwa kufuata kanuni. Kwa miji yetu naona hii iwe ndiyo njia ya kuanzia. Ukitumia ile ya zamani kwenye mji wa mgao unakalibreti, yaani unarekebisha modeli ifanane na vipimo, kwa kitu ambacho hakipo.

Ila usiiwashe ili kufuta wekundu wa nodi zenye presha hasi kwenye ramani. Ikishawashwa presha zote zitapendeza, na kosa lako la kipenyo litajificha ndani ya maji yaliyopungua. Kwa hiyo kila ukiiwasha toa na jedwali la maji yaliyodaiwa na maji yaliyotolewa, nodi kwa nodi, tofauti ndiyo ramani yako mpya ya wekundu.

Tofauti ileile mchana na usiku

Geji inasoma mita 4 zaidi ya modeli saa ya utulivu, na mita 4 zaidi saa ya kilele. Mwinuko. Nodi nyingi zinapewa mwinuko kutoka data za setilaiti za SRTM, ambazo zinasoma kile kilicho juu, paa la bati au miembe, na kosa la mita kadhaa ni la kawaida kabisa. Kwenye modeli mita 4 za mwinuko ni mita 4 za presha moja kwa moja. Huna haja ya kupima mji mzima, pima kwa GPS ya kitaalamu au leveli sehemu zile tu zenye geji, matenki, pampu na valvu za presha, nyingine ziache zilivyo. Hakikisha tu aliyepima amekupa urefu kutoka usawa wa bahari na sio ule ghafi unaotoka kwenye setilaiti, maana pwani ya Tanzania tofauti kati ya hizo mbili inazidi mita 20 na nimeona watu wanahangaika na zoni nzima kumbe nusu ya pointi zimepimwa hivi na nusu vile. Ukiona kundi la geji lina kosa la ishirini na kitu, na kundi lingine karibu na sifuri, hata usitafute kwingine.

Kosa likiwa sawa kwenye geji ZOTE za zoni, basi liko juu, kwenye tenki. EPANET inataka mwinuko wa sakafu ya tenki halafu kina cha maji kutoka pale sakafuni, lakini chanzo chenye usawa usiobadilika kinataka namba moja, usawa wa maji kutoka baharini. Wanaochanganya haya mawili ni wengi. Halafu panda tenki uone kwa macho kina kiko ngapi, usitegemee ile mita ya ukutani yenye kamba na kielea, kamba ikikwama inaonyesha tenki limejaa mwaka mzima.

Kosa likiwa kwenye geji moja tu, ishuku geji. Geji ya bar 0 hadi 16 yenye daraja la usahihi 1.6 inaruhusiwa kukosea bar 0.26 hivi, hizo ni karibu mita 2.6 za maji, ikiwa mpya. Geji ya bar 0 hadi 6 daraja 1 inakosea mita 0.6. Kwa hiyo kabla ya kusambaza geji na loga zako (vifaa vinavyorekodi presha vyenyewe), zifunge zote kwenye koki moja, ziache zisome pamoja saa nzima, andika kila moja imetofautiana vipi na wenzake. Ni kazi ya asubuhi moja. Na ukifunga kwenye koki ya mteja andika koki iko juu ya ardhi kiasi gani, na uhakikishe koki hiyo inatoka bomba la mtaani na sio simtank ya juu ya paa, maana ukifunga kwenye maji ya simtank utapata mstari ulionyooka siku nzima, mita 4 au 5, hauyumbi hata mji mzima ukikatiwa maji.

Presha inaanguka maji yakiwa mengi

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo C inaposingiziwa kila kitu.

Chukua bomba la inchi 6, urefu kilomita moja, linapitisha lita 10 kwa sekunde, C 140. Linakula mita 2.3 hivi. Shusha C mpaka 100, linakula mita 4.3. Sasa acha C ilivyo, badilisha kipenyo kutoka milimita 150 kwenda 100, linakula mita 16 na nusu. Unaona ukubwa wa tofauti, kipenyo kinaingia kwenye kanuni kwa nguvu ya 4.87 wakati C inaingia kwa 1.852. Kwa hiyo kipande kimoja cha inchi 4 kilichowekwa wakati wa matengenezo ya dharura, kwa sababu inchi 6 haikuwepo stoo siku hiyo, kinaua presha ya mtaa mzima, na ramani bado inasema 150.

Kwenye mabomba ya HDPE (aina ya plastiki) kuna mtego mwingine. Namba iliyoandikwa kwenye bomba ni kipenyo cha nje. Bomba la 110 la PN16 (daraja la presha ya bar 16) lina ukuta wa milimita 10, maji yanapita kwenye milimita 90 tu. Ukiingiza 110 kwenye modeli unapunguza upotevu wa presha mara 2.7 hivi, halafu unashangaa plastiki mpya inataka C ya 80 ili ikubaliane na geji. Chuma nacho kinaandikwa kwa mfumo wake, kwa hiyo usichukue namba ya kwenye ramani kama ilivyo, jua kwanza ni bomba la aina gani na la daraja gani.

Baada ya kipenyo, valvu. Valvu iliyofungwa nusu ndiyo ugonjwa mkuu wa miji yenye mgao, kwa sababu mafundi wanazifungua na kuzifunga kila wiki, spindo (ufito unaozungushwa kufungua na kufunga) inachoka, mlango unakatikia katikati, juu unazungusha vizuri kabisa na chini hakuna kinachosogea. Kwenye modeli valvu hiyo iko wazi. Namna ya kuipata bila kuchimba mji: funga geji kadhaa kwenye mstari mmoja wa bomba, soma zote saa moja ya kilele, geuza bar kuwa mita (bar 1 ni mita 10.2), jumlisha na mwinuko wa kila pointi, chora. Tuseme una pointi nne zimeachana mita 400. Ya kwanza mwinuko 60 na bar 2.8, jumla inakuwa 88.6. Ya pili mwinuko 57 na bar 2.9, jumla 86.6. Ya tatu mwinuko 55 na bar 1.9, jumla 74.4. Ya nne mwinuko 50 na bar 2.2, jumla 72.4. Ukiangalia bar peke yake huoni kitu, zinapanda na kushuka, lakini kwenye jumla unaona mita 2, mita 12, mita 2. Kati ya pointi ya pili na ya tatu kuna kitu kinakula mita 10 za ziada, na hakuna C itakayofanya hivyo kwenye mita 400 tu halafu iache kipande cha kabla na cha baada yake.

Hapo sasa unaenda kwenye chemba. Mara nyingi imejaa mchanga na maji machafu, mfuniko umefukiwa na lami ya barabara mpya, unamwaga maji, unachimbua mchanga kwa mkono, unafika kwenye kichwa cha spindo. Usianze kufungua, anza kwa kufunga taratibu huku unahesabu mizunguko, halafu fungua mpaka mwisho ukihesabu tena. Geti valvu ya inchi 6 inazunguka kama mara 20 na kitu, inategemea mtengenezaji. Ikigota kwenye 8, ipo nusu au imeliwa. Ikizunguka bila kugota, spindo imekatika. Aliyeko kwenye geji ya chini akuambie kwa simu kama sindano inasogea wakati unazungusha, isiposogea kabisa unazungusha hewa.

Mchoro huohuo unakuambia na mengine. Mteremko ukiwa mkali kwa usawa mstari mzima, hapo ndiyo shuku kipenyo cha mstari wote au C. Mteremko ukiwa mkali mpaka pointi fulani halafu ghafla ukalala, kuna maji mengi yanatoka pale, bomba limepasuka au kuna mteja mkubwa ambaye humjui. Kwenye vilima ukiona upotevu unaokuja na kuondoka bila kufuata mtiririko, angalia eya valvu, hewa iliyonaswa juu ya kilima inabana njia ya maji, hasa masaa ya kwanza baada ya mgao kufunguliwa.

Ukishamaliza hayo yote ndiyo unaweza kuigusa C, na iguse kwa makundi: chuma cha zamani kundi moja, asbesto kundi moja, plastiki kundi moja. Plastiki inakaa 140 hadi 150, chuma kipya karibu 130, chuma cha zamani chenye kutu ndani kinaweza kushuka mpaka 60 na chini yake. Asbesto na plastiki hazioti kutu, kwa hiyo kalibresheni ikikutaka uipe plastiki C ya 45, kataa, rudi kwenye valvu. Na usijaribu kukalibreti C kwenye bomba ambalo upotevu wake wote kati ya geji mbili ni mita 0.8 wakati kila geji inaweza kukosea 0.6, unakalibreti makosa ya geji. Lazimisha maji yapite kwa wingi: fungua haidranti (koki ya zimamoto) au washauti (koki ya kusafishia bomba) mwisho wa mstari, pima maji yanayotoka, soma geji wakati huohuo. Ukipata upotevu wa mita 6 au 8 unaweza kuanza kuamini C unayoipata. Watangazie wakazi kabla, maji yatachafuka.

Maji yanayoingia hayalingani na uliyoyagawa

Mita kubwa ya zoni inasema lita 40 kwa sekunde, bili za wateja wote ukizijumlisha zinatoka 24. Hizo 16 lazima uziweke mahali, na ukizigawa sawasawa kwa kila nodi kwa kuongeza asilimia, umesema kwamba kila mtaa unavuja sawa na mwingine, jambo ambalo si kweli popote.

Gawa kwanza mara mbili. Sehemu moja inatumiwa na watu ila haipo kwenye bili: mita zilizochoka zinazosoma pungufu, maunganisho ya wizi, bili za kukisia. Hiyo inafuata saa za watu, iweke kwenye mahitaji yenye pateni (mpangilio wa matumizi saa kwa saa). Sehemu nyingine inavuja kweli, nayo inafuata presha, iweke kama tundu kwenye nodi ambapo maji yanayotoka yanakua na presha. Kipeo kilichozoeleka (nguvu inayopandishiwa presha kwenye kanuni hiyo) ni 0.5, lakini tundu kwenye plastiki linapanuka presha ikipanda na kipeo kinaweza kufika 1.5 na kuzidi, ndiyo maana mtaa wa bondeni wenye mabomba ya plastiki unavuja zaidi ya unavyotarajia. Ulizia kumbukumbu za matengenezo, mitaa iliyozibwa mara nyingi ipewe sehemu kubwa.

Vitabu vinasema pima maji ya saa 8 hadi saa 10 usiku, watu wamelala, kinachopita ni mvujo. Kwa mji wenye maji masaa 24 sawa. Kwa mji wa mgao, saa hizo kila simtank iko wazi inajaza, ukiita hiyo mvujo utakuta zoni inavuja kupita maji yanayoingia. Pima usiku wa mwisho wa zamu ya mgao, matenki yakiwa yameshajaa, mtiririko ukishuka ukatulia na usishuke tena, hapo ndipo pa kukadiria. Na simtank zenyewe zionyeshe kwenye modeli: kwa kila kundi la nyumba weka tenki dogo lenye ujazo wa jumla, linajaa maji yakija na kujifunga likijaa. Bila hivyo modeli inadhani watu wanatumia maji wanapooga, wakati mtandao unaona kitu kimoja tu, maelfu ya matenki matupu yanayofunguka kwa pamoja dakika maji yanapofika.

Kuna na watu wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaani. Siwalaumu sana, maji wanayahitaji, ila jirani wa mwisho wa mstari ndiye anayeumia. Kwenye geji unaiona kama presha inayoshuka wima kwa mshindo saa fulani na kurudi wima. Usiilainishe, iweke kama mahitaji ya nodi ile kwa saa zile.

Umbo ni lilelile ila limehama saa

Kilele cha geji kinakuja alfajiri na cha modeli kinakuja mchana, maumbo yanafanana kabisa. Ikiwa yamepishana masaa 6, kuna mtu kaandika kwenye daftari "saa 2" akimaanisha saa 2 asubuhi, na aliyeingiza kwenye Eksel kaweka 2:00. Ikiwa masaa 3, loga imeachwa kwenye saa ya Greenwich. Fomu za mtaani ziwe na sehemu moja tu ya saa, mtindo wa masaa 24, na fundi aandike kile simu yake inachoonyesha.

Pampu na tenki

Pampu ukiipa pointi moja tu ya mtiririko na hedi (urefu inaopandisha maji), EPANET inajitengenezea mkunjo: hedi ya pampu iliyofungwa mbele inakuwa 133% ya uliyoiandika na mtiririko wa mwisho unakuwa mara mbili. Ni makadirio tu, na pampu yako imezeeka, impela imeliwa na mchanga. Kama ni ya sentrifugo, mafundi wa kituo wanaweza kuifunga valvu ya mbele kwa muda mfupi sana, soma geji ya kutoa na ya kuvuta, umepata pointi ya juu ya mkunjo halisi. Pata na pointi nyingine mbili ikiwa inafanya kazi. Ukiwasha pampu mbili modeli ikakupa maji maradufu na mita inasema yameongezeka kidogo tu, usishtuke upande wa mita, bomba ndilo linalokataa, angalia kipenyo na C ya njia kuu.

Tenki la modeli linajaa haraka kuliko la kweli? Angalia kama bomba la kuingiza linamwaga kwa juu. EPANET inaingiza maji kwa chini, kwa hiyo kwenye modeli pampu inapata kazi nyepesi tenki likiwa tupu, wakati kwenye tenki lako inapandisha mpaka mdomo wa juu saa zote. Weka valvu ya kushikilia presha kabla ya tenki, yenye usawa wa mdomo ule.

Inakubali wiki hii, wiki ijayo inakataa

Kama ulikalibreti kwa data zote ulizonazo, huna cha kuihakiki. Tenga siku kadhaa usiziguse kabisa, na zoni ikilishwa kwa njia tofauti siku hizo ndiyo vizuri zaidi. Waingereza wana kipimo kinachotumika sana: presha iwe ndani ya mita 0.5 kwa asilimia 85 ya vipimo, 0.75 kwa asilimia 95, na mita 2 kwa vyote. Kwa zoni yenye maji muda wote unaweza kufukuzia hapo. Kwa zoni ya mgao, mimi nikipata mita 2 sehemu nyingi, na kila geji iliyobaki nje ina sababu iliyoandikwa kwa jina lake, naikubali kwa kupanga mabomba makubwa, siikubali kwa kuchagua presha ya valvu ya mtaa mmoja.

Ikikataa wiki ijayo, kabla ya kufungua modeli mpigie simu msimamizi wa zamu muulize valvu zipi zimeguswa tangu siku ile. Daftari la mgao liwe sehemu ya faili la modeli, na kila badiliko unaloweka, kipenyo, valvu, C, liandikwe pembeni yake limetoka wapi: limepimwa, limesemwa na fundi, au limekisiwa. Yale yaliyokisiwa ndiyo orodha ya chemba za kwenda kufungua wiki inayofuata.